Msalaba wa Chaki

Louis Kalombo alikuwa amechoka, na si uchovu ule wa kulala ukaisha. Alichoka tangu mwezi wa nane, homa ya mafua ilipoingia Kolwezi ikalaza mji mzima, wazungu kwa weusi. Homa ilimwachia uhai, ikamchukulia pua. Tangu siku ile hakusikia tena harufu ya kitu chochote duniani, si maua, si choo.

Kwa mtu mwingine pua ni ya kupenga kamasi tu. Kwa Kalombo ilikuwa mkate. Alikuwa mkuu wa usafirishaji katika ghala la kahawa karibu na stesheni, katika mji ambao hauna hata mti mmoja wa kahawa, mji wa shaba kutoka kichwani hadi miguuni. Kahawa ilishuka kwa reli kutoka kaskazini, ikachekechwa, ikashonewa magunia mapya, kisha ikapakiwa tena kwenda bandari ya Lobito. Nani aliamua ipumzike Kolwezi njiani? Waulizwe wakubwa wa Brussels. Majirani waliokuwa wakishuka mgodini kila asubuhi walimtania Kalombo kwamba yeye ndiye mchimbaji pekee asiye na shimo.

Shida yake kubwa ilikuwa mabehewa. Reli ilimpa lolote lililokuwa tupu: lililobeba simenti, lililobeba ngozi mbichi, lililobeba petroli. Na kahawa ni kama mgeni asiye na adabu, hubeba harufu ya kila nyumba aliyolala. Kwa hiyo ghala lilikuwa na desturi. Kabla ya kupakia, mkuu aliingia peke yake ndani ya behewa tupu, wapakiaji wakamfungia mlango kwa nje. Humo gizani alisali Baba Yetu mara tatu, taratibu, huku akinusa. Kisha aligonga ubao, akafunguliwa. Behewa likiwa zuri, alichora msalaba wa chaki mlangoni, na baada ya msalaba hapakuwa na mjadala. Aliyemtangulia, Tshilombo, alipitisha behewa moja la petroli. Barua ikarudi kutoka kwa wanunuzi wa Anvers, kule Ubelgiji, na Tshilombo akatolewa katika kazi na katika nyumba, watoto na vyungu vyake barabarani mchana kweupe. Nyumba hiyohiyo ndiyo aliyokuwa akikaa Kalombo sasa, na mkewe Tshibola na watoto watano.

Ndiyo maana alinyamaza. Miezi miwili aliingia, akasali, akagonga, akachora. Zamani sala ilikuwa ya kupimia muda tu. Sasa alikuwa anasali kweli. Na mabehewa yote yalitokea kuwa mazuri! Hakuna barua, hakuna lawama. Kalombo aliamini kwamba Mungu amemhurumia. Hakumwambia hata Tshibola, ingawa mwanamke alishaanza kushangaa. Miaka kumi na tisa alimlalamikia mumewe kwamba ananuka kahawa mpaka siku ya Jumapili kanisani, naye alizoea kumjibu kwa utani. Siku hizi Kalombo alijinusa mkono wa shati tu, utani wote umekwisha.

Jumatano moja asubuhi, Mukalay, kapita, yaani msimamizi, wa wapakiaji, alirudi kutoka Lubudi alikokwenda siku mbili kumzika shangazi yake. Mabehewa sita yalikuwa yamekwisha kujazwa, treni ni saa kumi ya jioni, meli inangoja Lobito. Mukalay alipita akiyakagua moja moja. Penye la sita, lililokuwa limeanza kupata moto wa jua, alisimama. Kisha alimfuata Kalombo, akamvuta kando ya ghala. Wapakiaji wote walimwita Tata, yaani baba.

"Tata, ile vago ya sita inanuka samaki. Samaki ya kukausha, ya Bukama. Iko mubaya sana."

Kalombo aligeuka kulitazama behewa. "Na bale balipakia? Habakusikia arufu?"

"Bote balisikia. Nimebauliza juu ya nini habakusema. Banasema musalaba ilikuwa pale, Tata alikwisha kunusa. Beko banani ya kumukatalia Tata?"

Hebu fikiria! Wanaume kumi na wawili wenye pua nzima wamebeba magunia kutwa ndani ya harufu ya samaki, wameziba pumzi, wasimwaibishe mkubwa wao. Ndiyo heshima yetu hiyo.

"Na zile zingine, za hii miezi mbili?" Kalombo aliuliza, ingawa jibu alishaliona linakuja.

"Zile nilikuwa nanusa asubuhi, mbele ya weye kufika. Mubaya tunaisukuma nyuma, muzuri tunakuletea. Ile siku petroli ya lampe ilimwangika ku ofisi, na weye uliikala pale unaandika tu. Nikajua."

Kalombo aliona aibu, aibu iliyomwasha mwili mzima. Alidhani ni Mungu, kumbe ni Mukalay.

"Nitasema ni mi nilichora, mbele ya kwenda Lubudi," Mukalay alisema upesi. "Weye uko na mama na batoto."

Alitaka kukubali. Tusimsingizie utakatifu: alitaka sana. Alikuwa na miaka hamsini, amechoka, na nyumba ilikuwa na paa zuri. Lakini Mukalay naye alikuwa na mke, Mbuyu, mwenye mimba ya miezi saba.

Bwana Verbeke, mzungu wa ghala, alikuwa amekwisha kufika penye lile behewa, kitambaa puani.

"Nani alichora hii?"

Mukalay alifungua kinywa. Kalombo akamshika mkono.

"Ni mimi, Musiu. Pua yangu ilikufa tangu ile homa. Sikusema."

Verbeke alishusha kitambaa. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali kelele. "Mwisho wa mwezi utaleta funguo ya nyumba," alisema. "Sasa mutoe magunia yote. Treni haingoji."

Walishusha. Stesheni ikaleta behewa jingine. Ilikuwa saa nane kasoro, jua linachoma, na wapakiaji walisimama tu mikono kiunoni, kila mmoja na gunia miguuni pake. Kalombo akawauliza wanangoja nini.

"Tunakungoja, Tata," walijibu. "Haujaingia."

Watu wakaidi! Kalombo alitaka kuwafokea, akaacha. Akapanda, na alipopanda alimvuta Mukalay kwa mkono wa shati. Mlango ukafungwa. Gizani wakasali Baba Yetu mara tatu, Mkatoliki na Mmethodisti, kila mmoja kwa maneno ya kanisa lake.

"Unasikia nini?"

"Hakuna kitu, Tata. Mbao tu."

"Mbao ya namna gani?"

Mukalay alivuta hewa, akafikiri. "Mbao ya kunyeshewa. Na mavumbi kidogo." Akavuta tena. "Na weye, Tata. Unanuka kahawa."

Kalombo alisimama pale gizani, machozi yakamtoka bila sauti. Kisha akagonga ubao, na mlango ulipofunguliwa akampa Mukalay chaki.