Maumivu ya Mwashi Yapewa Namba

Saa moja na nusu asubuhi muuguzi wa wodi ya wanaume alisukuma toroli lake, gurudumu lake moja likilia, mpaka kitanda cha sita, akampa mwashi vidonge viwili vyeupe. Mwashi aliachia kona ya shuka aliyokuwa ameiuma, akameza. Mkewe, mshonaji, alimshikia kikombe cha maji kwa mikono miwili, kwa kuwa mumewe hakuweza kujiinua tangu ugonjwa ulipoanza kumla nyonga.

Baada ya robo saa mwashi alinyooka, akafumba macho. Maumivu yake yalikaa kidogo ukingoni mwa kitanda, kama mgeni aliyeambiwa mwenyeji amelala. Kisha yakavaa kandambili za mwashi, yakatoka.

Yalikuwa marefu kama yeye, rangi ya saruji mbichi, yamelemea upande wa kulia. Mshonaji aliyatambua. Miezi minne yalikuwa yakilala katikati yao.

"Yanakwenda wapi?" aliuliza.

"Dirisha la dawa," alisema muuguzi. "Ya kila mtu huenda huko."

Kwenye kadi ya mwashi aliandika neno moja: Ametulia. Ndiyo desturi ya hospitali ile. Kila asubuhi na jioni kila kadi iliandikwa neno moja, na wodi iliyojaa Ametulia ilipewa cheti mwisho wa mwezi. Vyeti kumi na vinne vilibandikwa juu ya sinki.

"Sista, hivi ni vidonge vya maumivu?"

"Vya kutuliza, mama."

"Vinatuliza nini?"

Muuguzi aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. Alfajiri ile alikuwa amemgeuza mwashi mara tatu bila kuombwa. "Dawa ya maumivu huyafuata maumivu yenyewe," alisema. "Hii humfuata mtu. Humwondolea wasiwasi, humlaza. Maumivu haiyagusi. Dawa za maumivu makali zimejaa kabatini, ila kabati lina kufuli mbili zinazofunguliwa kwa pamoja. Ufunguo mmoja anao matroni, mwingine anao mfamasia mkuu."

"Naye yuko wapi?"

"Semina, wiki ya tatu sasa. Wanapanga maana za maneno. Neno lipi la dawa ya maumivu, lipi la dawa ya kutuliza, lipi la usingizi, lipi la ganzi. Watu walikuwa wanachanganya."

"Na ufunguo?"

"Mfukoni mwake."

 Mshonaji alitaka kitu kimoja tu: saa moja ya mumewe akiwa macho na haumwi. Binti yao alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na jina ni la babu kutoa. Mtoto alikuwa na siku kumi na moja na bado anaitwa "huyu". Lakini mwashi akiwa macho huuma shuka, na akiacha kuuma shuka amelala.

Aliichukua kadi, akaenda kwenye dirisha la dawa. Kwenye benchi maumivu ya mwashi yalikuwa yamekaa kati ya yale ya kichwa cha dereva na yale ya tumbo la mwalimu, ambayo yalikuwa yamejikunja kama paka. Mfagiaji, aliyeitwa Mama Ndoo, aliyaambia yainue miguu, yakainua yote. Yale ya mwashi yalishindwa mguu wa kulia. Mama Ndoo aliuzunguka kwa fagio, kisha akakunja kitambaa kikavu akakisukuma chini ya nyonga yake.

"Asante, mama," yalisema.

"Si neno. Benchi lenyewe gumu."

Karani wa dirisha alitazama kadi ya mwashi. "Hapa imeandikwa umetulia."

"Aliyetulia ni yeye," yalisema maumivu, kwa sauti ya mwashi ila kavu zaidi. "Mimi bado nauma."

"Basi chukua namba. Arobaini na moja."

"Bwana karani," alisema mshonaji, "kabati liko mgongoni kwako. Naliona kutoka hapa."

"Hata mimi naliona, mama. Naliona saa mbili mpaka saa kumi, kila siku ya Mungu."

Mshonaji alikaa kando ya maumivu. "Wewe ulikuwa naye muda wote," alisema. "Hakutaja jina la mtoto?"

Yalifikiri kwa uaminifu. "Mimi najua nyonga tu."

Alhamisi mfamasia mkuu alirudi na bango kubwa lililoviringishwa. Alilitundika ukutani kando ya dirisha la dawa akasoma kwa sauti, maana baada ya maana, na kwa kweli yalikuwa maelezo mazuri: ipi huondoa maumivu na kumwacha mtu na akili zake, ipi humtuliza mtu na kuyaacha maumivu yalivyo. Maumivu ya mwashi yaliinua mkono.

"Na mimi nipo wapi hapo?"

"Mstari wa kwanza," alisema mfamasia mkuu kwa upole, akayaonyesha kwa kidole.

Kisha akatoa ufunguo. Mshonaji alisimama. Karani alisogeza kiti. Kila mtu alimtafuta matroni kwa macho.

"Ameondoka na basi la saa kumi na mbili asubuhi," alisema Mama Ndoo. "Semina hiyohiyo. Kundi la pili."

"Na ufunguo wake?"

"Kwenye pochi. Si mlisema usiachwe?"

Mfamasia mkuu alirudisha wake mfukoni.

Saa kumi jioni nguvu za vidonge ziliisha. Maumivu yaliinuka. Karani, akifunga dirisha, alisema, "Kesho hutaanza upya. Namba yako nakuwekea." Mshonaji aliyashika kiwiko mpaka wodini, maana korido ilikuwa imepigwa deki na inateleza. Yalivua kandambili, yakaingia kitandani, na mwashi akafumbua macho.

"Baba," mshonaji aliinama, "jina la mtoto. Sema upesi."

"Mwiteni..." alisema mwashi, kisha akaikamata shuka kwa meno.

Gurudumu lililia. Muuguzi alimpa vidonge viwili, akampangusa jasho kwa mkono wake mwenyewe, akaandika Ametulia.

Maumivu yalikaa tena ukingoni. Dirisha lilikuwa limefungwa, lakini benchi halifungwi. Yalipapasa sakafu kwa mguu mmoja, yakitafuta. Mshonaji aliinama akayasogezea kandambili.