Siafu Kwenye Rafu ya Mchwa

Mume wangu anasomea mchwa. Ndiyo, mchwa, na nilimkubali hivyo hivyo. Kila makala ya kisayansi anayoisoma huiweka kwenye rafu yake katika tovuti moja ambako watafiti huhifadhi marejeo yao na kuyabandika lebo, na yeyote apitaye huruhusiwa kuchungulia.

Kuna mmoja aliyepita kila siku. Alijiita Siafu. Mume wangu akiweka makala jioni, asubuhi Siafu ameshainakili kwenye rafu yake mwenyewe.

"Mwizi huyu!" alifoka siku moja. "Mimi natafuta, yeye anabeba tu. Leo namfungia mlango."

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo," nikamwambia, huku nikipinda suruali ya mteja kwenye cherehani.

Hakunisikia. Kabla ya kuifunga rafu akaona aisafishe kwanza. Kulikuwa na lebo iliyomkera: "Baadaye". Akaifuta. Tovuti ikamuuliza kama ana hakika, na mtu mwenye hasira ana hakika siku zote. Lebo ikaondoka na kila kilichokuwa chini yake. Na ninavyomjua mume wangu, kila kitu alikuwa amekiweka "Baadaye".

Rafu ikabaki tupu. Msimamizi wake wa chuoni aliitaka orodha ya marejeo ya tasnifu kesho yake asubuhi, na bila hiyo angerudia mwaka mzima. Akakaa sakafuni, uso umemshuka. Nilimwonea huruma, nikaacha cherehani.

"Mwandikie mwizi wako."

"Nitaanzaje, mke wangu?"

"Anza na shikamoo."

Akaandika, akafuta, akaandika tena. Jibu lilikuja chai ikiwa bado ya moto: makala zote, haikupungua hata moja, na kila moja ina maelezo mafupi pembeni. Chini Siafu aliandika: "Chuoni kwetu hakuna anayefundisha mchwa. Nimejifunza kwa kufuata rafu yako, mwalimu wangu. Niliogopa tu kukusalimu."

Mume wangu alirudia kusoma, machozi yakamlengalenga. Na mimi pia, sifichi.

Mlango hakuufunga. Kesho yake, alipokwisha kukabidhi orodha, aliweka makala mpya kwenye rafu na kuibandika lebo: "Siafu, anza na hii."