Piga Ulimi, Kisha Ini

Mtunza mbwa wa kampuni ya ulinzi alikuwa amemlea Soksi kwa chupa ya maziwa tangu hajafumbua macho. Kwa hiyo alipomwona anamtikisia mkia wifi yake, mke wa kaka yake, roho ilimuuma kwelikweli. Wiki tatu tu tangu wifi aanze kazi pale, na mbwa keshamteka!

Kilichomkera zaidi ni kwamba wifi mtu hakuonekana kufanya lolote. Soksi aliogopa gari la doria, na mbwa asiyepanda gari hana kazi pale. Wifi alikaa tu kigodani na bakuli la ini. Mbwa akilitupia gari jicho, wifi anapiga ulimi, "Ta!", kisha anampa kipande. Kesho yake jicho halitoshi, sharti hatua moja. Halafu mbili. Siku ya tisa Soksi alitia miguu ya mbele garini, na walinzi wakapiga makofi.

"Ametuletea mazingaombwe," mtunza mbwa alisema. Akacheka peke yake.

Jumatano, wifi alipokwenda kula, wivu ulimkaba mtunza mbwa. Alitaka msimamizi akitoka ofisini amkute Soksi ndani ya gari, na yeye, si mwingine, amesimama kando. Akambeba mbwa mzimamzima, akamsukuma ndani, akabamiza mlango.

Soksi alilia, akajikojolea, akakwaruza kioo mpaka ukucha ukatoka damu. Mlango ulipofunguliwa alichomoka mbio, akakutana na wifi anarudi.

"Nani kamfungia?"

"Mimi. Mbwa wangu huyu, wifi. Nimemlea mimi."

Akapiga magoti, akamwita kwa sauti ile ile ya enzi za chupa. Soksi akajikunyata nyuma ya miguu ya wifi, akageuza uso.

Mtunza mbwa alitamani atukanwe, angalau na yeye apate la kujibu. Wifi akamsogezea bakuli.

"Gari tuliache kwanza, wifi. Kaa pale ukutani, usimwite. Akikutazama tu, piga ulimi, umpe."

"Akinitazama tu?"

"Ee. Kesho labda hatua moja."

Mtunza mbwa akaketi chini, ini likimlowesha kiganja, ulimi tayari kinywani. Zamu ya mchana ikatoka, ya jioni ikaingia, na Soksi alikuwa bado anamtazama wifi.