Damu ya Mtani

Mwaka uliofuata mvua za Elinino, homa ya kutoka damu iliingia vijiji vya Ruangwa na Nachingwea, na watafiti kutoka Dar es Salaam wakafungua kambi katika ghala tupu la korosho, nje kidogo ya mji wa Ruangwa. Eustakio alikuwa miongoni mwa wagonjwa wa mwanzo kulazwa mle, na miongoni mwa wachache waliotoka kwa miguu yao.

Baba yake, Mngoni wa Songea, alifika Nachingwea enzi za mashamba ya karanga ya Waingereza, akaoa na kuzeekea huko. Eustakio mwenyewe aliuza nyama ya mbuzi magulioni pamoja na Mikidadi, Mmwera wa Chunyu. Mikidadi, kwa kuwa ni Mwislamu, alichinja. Eustakio alichuna na kukata. Na kwa kuwa Wangoni na Wamwera ni watani tangu vita vya mababu, hawakupitisha siku bila kutukanana.

"Mlikuja na mikuki mkala mbuzi wetu," Mikidadi alikuwa akipaza sauti katikati ya wateja, "leo mnatuuzia utumbo wake!"

"Babu yako tulimwacha porini," Eustakio alimjibu. "Kwa alivyokonda, hata kumteka ilikuwa hasara."

Homa ilipomwangusha Eustakio, ndugu zake waliogopa kumshika. Mikidadi ndiye aliyempakia kwenye baiskeli, akamfunga kwa mipira asianguke, akaisukuma mpaka Ruangwa. Njia nzima alimtukana ili asilale. "Usinifie humu, Mngoni! Nani atanunua baiskeli iliyobeba maiti?" Eustakio alikuwa hana nguvu ya kujibu, lakini aliisikia ile sauti, akaishikilia kama mtu anayeshikilia kamba kisimani.

Alipona. Hakupata hata muda wa kurudi gulioni, akasikia kwamba Mikidadi naye amelazwa.

Asubuhi alipoitwa kambini alikwenda mbio. Daktari Eva, mtafiti kijana aliyekulia kaskazini, alimpokea nje ya uzio wa kamba, akamketisha kwenye benchi na kumweleza polepole.

"Mzee Eustakio, damu ya mtu aliyepona homa hii inabaki na kinga. Tunaitoa kidogo, tunaizungusha kwenye mashine mpaka yale maji yake ya manjano yajitenge, kisha tunamtilia mgonjwa kwa dripu. Bado hatujui kama yanaponya. Ndiyo maana tunafanya utafiti."

"Na mgonjwa mwenyewe ni nani?"

Daktari alisita, kwani hakupaswa kumtaja. Lakini mle ndani kulikuwa na mgonjwa mmoja tu ambaye kundi lake la damu lililingana na la Eustakio, na kijiji kizima kilijua hao wawili ni watu wa namna gani.

"Ni rafiki yako Mikidadi. Ila una hiari. Ukikataa, hakuna atakayekulaumu wala kukurudia. Je, uko tayari?"

Moyo wa Eustakio uliruka kwa furaha. Kumbe mtani wake anamhitaji! Akakunja uso, akaegemea benchi kama jumbe.

"Simpi," alisema. "Mmwera yule? Damu ya Kingoni imwingie bure? Mwacheni afe, mimi nirithi baiskeli. Akiitaka sana, mkewe alete jogoo kwanza."

Daktari Eva alifunga daftari lake.

"Mzee, damu hainunuliwi. Sheria zetu haziruhusu."

"Basi na mimi sheria zangu haziruhusu!" Eustakio akacheka.

"Nimekuelewa. Asante kwa kuja, mzee," alisema daktari, akainuka, akaingia ndani.

Kwa desturi ya huko, mtani akiombwa jambo zito hatoi mara moja. Hukataa kwanza, hutukana, hudai malipo. Mwombaji huondoka na kurudi na kitu chochote, konzi ya unga au hata jani la mhogo, akasema, "Haya, mroho wee, malipo yako haya." Hapo mtani hutoa alicho nacho chote. Hivi ndivyo makaburi yalivyochimbwa na maiti kuzikwa tangu zamani. Kutoa bila kukataa kungekuwa kumfanya Mikidadi mgeni, mtu wa kuonewa huruma.

Daktari Eva naye aliujua utani, ule wa mpira na wa vijiweni. Wa kwenye kitanda cha mgonjwa hakuwahi kuuona. Na sheria ya utafiti wao ilikuwa kali: aliyekataa asibembelezwe, hasa mtu maskini mbele ya msomi.

Basi Eustakio akakaa kwenye benchi akingoja. Alijisemea kwamba daktari huyu anajua mchezo, anamchelewesha makusudi. Alikwishapanga matusi ya kupokelea jani lile. Jua likapanda, kivuli kikahama kutoka kwenye benchi, naye akahama nacho.

Muuguzi Domitila, mzaliwa wa Nachingwea, alipokuja kuingia zamu ya mchana, alimkuta pale.

"Baba Eustakio, wameshakutoa damu? Mgonjwa wako tangu asubuhi anauliza kama Mngoni amefika. Anasema tukwambie jogoo wake amezeeka, usimtamani."

Eustakio akapiga paja, akacheka mpaka machozi. "Ameshajua nitadai nini! Ndiye huyo jogoo ninayemngoja. Huyo daktari wenu naye mchoyo, hata jani hajaleta."

Kicheko cha Domitila kikakatika.

"Ulimwambiaje daktari?"

"Nilimwambia simpi. Ningemwambiaje?"

Domitila aliruka kamba akakimbilia ndani, na Eustakio, akiona mtu mzima anakimbia vile, akakunja mkono wa shati huku akimfuata.

Mambo yote yakaenda haraka, na haraka yenyewe haikutosha. Daktari Eva alipoelezwa alishika mdomo. "Lakini alikataa," alisema, "mimi nilimsikia mwenyewe." Hakuna aliyembishia. Damu ilitolewa, mfuko ukatiwa mashineni, jenereta likanguruma. Maji ya damu hayajitengi kwa kuharakishwa. Eustakio aliruhusiwa kusimama dirishani, kwa kuwa homa ile isingempata tena.

Mikidadi alikuwa amelala ubavu, ufizi wake umekauka damu. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumtafuta mtu.

"Mikidadi," Eustakio aliita. "We Mmwera! Usinifie, nakuja. Nakuja nayo bure, husikii? Bure kabisa!"

Alitaka kumtukana kama alivyotukanwa yeye juu ya baiskeli, lakini kila tusi aliloligusa liligeuka ombi mdomoni mwake. Mashine ilikuwa bado inazunguka Domitila alipomfumba Mikidadi macho.

Walimzika kesho yake Chunyu. Mwili haukuoshwa na ndugu. Ulifungwa na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, na shehe akasali kwa mbali. Mtu wa nyumbani aliyeruhusiwa kusogea kaburini alikuwa Eustakio peke yake. Aliteremsha, akafukia, na muda wote hakufungua kinywa. Watu wakaanza kutazamana.

Hadija, mjane, akapaza sauti kutoka kule alikosimamishwa.

"Shemeji! Huyu si mtani wako? Unamwacha aende kimya kama mtu asiye na watu?"

"Shemeji, nilimtania jana," alisema Eustakio. "Nilimtania, wakadhani namkatalia."

"Nimeambiwa." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilimuumiza kuliko kama angemrushia jiwe. "Angekutania hivyo hivyo. Sasa mtukane mwenzio, apumzike."

Eustakio akaegemea jembe.

"Mikidadi, mvivu wee," alianza, "umekimbia kazi. Mbuzi sasa nichinje mimi Mkristo, na hawa Waislamu wako wote wakose kitoweo?"

Wakacheka, wanawake wakacheka huku wanalia, kama inavyotakiwa. Hadija naye akacheka.

Yale maji ya damu hayakumwagwa. Jioni ile ile aliyokufa Mikidadi aliletwa mwanamke kutoka Mkotokuyana, Lusiana, na kundi lile la damu lilimfaa, akatiliwa yeye. Eustakio alipojua alianza kwenda kambini kila siku kumwulizia. Alimwombea kwa jina. Lakini chini ya sala ile palikuwa na jambo jingine alilokuwa akilisukuma lisifike mdomoni: kama Lusiana atakufa, basi maji yale hayakuwa dawa, na Mikidadi angekufa tu. Kila mara lilipomjia alipiga ishara ya msalaba, akaanza sala upya.

Siku moja, kabla hajafika kwenye uzio, Daktari Eva alimtokea mbio barabarani.

"Mzee, Lusiana amekaa! Damu imekata, ameomba uji. Ingawa," akajizuia, "mtu mmoja si ushahidi. Huenda angepona tu. Lazima tuwajaribu wengi ndipo tujue."

"Maji yale yale?" aliuliza Eustakio.

"Yale yale."

"Ana watoto?"

"Anao. Mdogo bado ananyonya."

"Mungu ashukuriwe," alisema, na alilimaanisha. "Mkitaka nyingine nipo. Sitaki kitu. Ndiyo, daktari. Andika ndiyo."

Kisha akaenda mpaka kwenye benchi, akaketi, akalia kwa sauti, jinsi ambavyo hakulia hata kaburini. Daktari Eva akatabasamu, akadhani ni furaha, akarudi kwa wagonjwa wake. Domitila, aliyekuwa anaanika mashuka, aliacha alichokuwa akifanya, akaja akaketi kando yake, wala hakumwambia anyamaze.