Aya ya Mke Wangu

Mke wangu alifia kwenye chumba cha kufulia cha hospitali ya serikali, pasi mkononi, chini ya bati, msimu ule joto lilipokataa kushuka hata usiku. Wenzake walimwita Mama Pasi. Daktari akaandika ni moyo. Moyo wake naujua mimi, haukuwa na neno.

Waheshimiwa walikuwa wameshaahidi mbele ya mataifa, wakatunga na sheria: joto likizidi, wafanyakazi wapumzishwe, vyumba vya kazi vipozwe. Wakapigiana makofi, wakapanda ndege, wakarudi kulala. Ndiyo maana niliingia kwenye kesi ya kuishtaki serikali, pamoja na wafanyakazi wenzake marehemu. Sheria siijui, shule niliishia njiani. Nilitaka kitu kimoja tu: jaji aseme kwa kinywa chake kwamba yule mama aliuawa na uzembe wao.

Asubuhi ya kusikilizwa, wakili wetu, binti mdogo mwenye sauti iliyokauka, alinivuta pembeni kwenye korido.

"Mzee wangu, serikali imelegea. Wanakubali amri yote. Vyumba vipozwe, watu wapumzishwe, na waje kuripoti mahakamani."

"Si ndicho tulichoomba?"

"Ndiyo. Ila wanataka aya ya kifo cha mama iondolewe kwenye madai."

"Iondolewe iende wapi?"

Akatazama viatu vyake. "Hawataki kukiri kifo. Ukikataa kesi inaendelea, na wao watakata rufaa hadi tuzeeke."

"Mimi nimeshazeeka, mwanangu. Hilo halinitishi."

Wakili wa serikali alikuwa karibu na ngazi anakunywa chai, suti imenyooka. Nikajiuliza kaipiga pasi nani.

Shemeji, mdogo wake marehemu, akaja kukaa nami kwenye benchi. Yeye ndiye aliyepewa meza ya dada yake ya kupigia pasi, mle chumba cha kufulia. Huwa tunataniana.

"Shemeji, uso umeukunja hivyo, nitaunyoosha kwa pasi gani?"

Sikucheka. "Wanataka kumfuta dada yako."

"Nimeambiwa." Akajifuta jasho shingoni. "Juzi nilianguka kazini. Sikukwambia. Walinimwagia maji, nikaendelea."

"Unanibembeleza nikubali?"

"Sikubembelezi. Alikuwa dada yangu kabla hajawa mke wako. Nakwambia tu, aliyeko mle sasa ni mimi."

Tukaitwa ndani. Jaji akasoma makubaliano, maneno mazuri matupu. Nikatega sikio, labda hata kwa bahati mbaya mke wangu atatajwa. Hakutajwa. Kisha jaji akaninyanyulia macho.

"Na wewe mzee, umekubali kwa hiari yako?"

Hiari. Shemeji alikuwa anatazama mikono yake.

"Nimekubali, Mheshimiwa."

Akaandika. Nje wenzetu wakakumbatiana, wengine wakilia kwa furaha. Wakili wa serikali akanipa mkono, nikaupita.

Shemeji alikuwa na zamu mchana ule ule. Nikamsindikiza hadi kwenye geti la hospitali.

"Ukifika, fungueni madirisha kwanza," nikamwambia.

"Yamepigiliwa misumari, shemeji. Mpaka waje mafundi."

"Watakuja lini?"

"Si umesikia? Wamepewa mwaka mzima."

Akajifunga aproni, akaingia. Nikabaki nimeshika nondo za geti, hadi mlinzi akaniuliza kama nina mgonjwa humo ndani. Nikamwambia sina.