Ulimi wa Hamimu

Mtoto wa Sijaona hakuweza kunyonya. Akishika titi, linamponyoka, na maziwa yanamtiririka shavuni. Bibi mkunga aliyemzalisha Sijaona pale mtaani Bwiza akamwingiza mtoto kidole mdomoni, akauinua ulimi. Utando mfupi ulikuwa umeushika chini, mpaka karibu na ncha.

"Ulimi umefungwa," akasema. "Jambo hili linatembea na ukoo. Kwenu nani analo?"

Sijaona hakumjua mtu mwenye ulimi wa namna hiyo. Aliyejibu ni mama mkwe wake, Mwavita, akiwa amesimama mlangoni.

"Kwetu apana. Radjabu nilimuzaa mi mwenyewe. Huyu mutoto ametoka wapi, sijui."

Radjabu, mume wake, alikuwa safarini Gitega na lori la tajiri yake. Kuanzia siku hiyo Sijaona alikula peke yake chumbani. Majirani waliokuwa wakimletea uji hawakuonekana tena, na uani watu walinyamaza kila alipotoka kuanika nepi.

Mama yake mdogo, Asiya, aliyemlea tangu alipofiwa na mama, ndiye aliyekuja kumwambia. "Mwenye ulimi huo ni baba yako. Hamimu hakuwa bubu, kama wengi walivyodhani. Alikuwa anasema, ila maneno yake yalikuwa hayashikiki, na watu walicheka. Hata sisi tulicheka."

Sijaona alikuwa amekua akijua jambo moja tu: kwamba baba yake alimwacha akaenda zake bila hata kuaga. Alimfunga mtoto mgongoni, akaenda Gatumba, nje ya mji, ambako Asiya alimwambia anaishi.

Alimkuta kando ya barabara ya Uvira, chini ya mabati, akitengeneza baiskeli. Mteja alionyesha gurudumu, mzee akaitikia kwa kichwa. Hakuna neno lililopita kati yao.

"Baba. Mi ni Sijaona."

Spana ikabaki imening'inia mkononi mwake. Alimtazama yeye, kisha akamtazama mtoto.

"Naomba ufungue mdomo, Baba."

Hamimu alijifuta mikono kwa kitambaa, akajifuta tena, kama mtu anayetafuta muda. Kisha akafungua. Ulimi haukuweza kuvuka meno. Ncha yake ilikuwa imevutwa ndani, imegawanyika katikati. Ulikuwa ulimi uleule wa mtoto wa Sijaona.

"Sasa kwa nini uliniacha?" Sijaona akauliza, huku analia.

Akajibu. Sijaona hakuelewa, akamwomba arudie, na akamwomba tena. Mzee alirudia bila hasira.

"Ulikuwa unaanza kusema. Ukawa unaniiga, maneno yote yamevunjika kama yangu. Nikaona ukikaa na mimi, watakucheka na wewe. Nikakuacha kwa watu wanaosema vizuri."

Kesho yake walikwenda pamoja dispensari. Muuguzi, Consolate, alikata utando kwa mkasi mdogo. Damu ikatoka matone machache, mtoto akapiga kelele ambazo Sijaona hakuwahi kuzisikia kwake, kisha akashika titi na kulivuta mpaka mama yake akashtuka. Hamimu alicheka kwa mabega tu.

"Hata utando wako, Mzee, hospitali wanaweza kuukata," Consolate akamwambia.

Hamimu akauliza, "Nitasema na nani?"

Sijaona alitaka kumjibu, "Na mimi." Lakini mtoto alikuwa ameanza kulia tena, na mzee akawa ameshatangulia nje.

Walipofika Bwiza, Hamimu hakuingia ndani. Alisimama uani, mbele ya Mwavita na majirani wote, akafungua mdomo. Alikaa hivyo, mtu mzima na ndevu zake, mpaka kila mtu akaona. Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa. Mwavita aliinamisha macho, akaingia jikoni. Hakuomba msamaha, wala hakumwambia Radjabu lolote aliporudi. Ila jioni ile alimletea Sijaona chakula kwa mikono yake.

Hamimu alikuwa ameshaondoka. Hakukubali hata maji ya kunywa.

Masika ya mwaka wa pili aliugua, akazikwa Gatumba kabla habari hazijafika mjini. Wakati huo mtoto alikuwa ameanza kutamka maneno safi, na uani walimfurahia. Sijaona naye alifurahi. Lakini mara nyingi, akiwa peke yake akifua, alimkumbuka baba yake, na swali ambalo hakuwahi kumuuliza: kama mama yake, katika ile miaka michache aliyoishi na Hamimu, alikuwa akimwelewa anaposema.