Samoni wa Lati Moja

Wiki ile yuro ilipoingia Latvia, Zelma Kalēja aliosha sarafu zake za lati, pesa ya zamani ya nchi, kwenye beseni la jikoni, kwa sabuni na brashi ya viazi. Mjini Kuldīga kitu kinachotoka nyumbani kwenda kwa watu huoshwa kwanza, naye hakutaka karani wa benki atakayezibadilisha aone uchafu wake. Zilikuwa pesa za maziko. Miaka yote alizificha chini ya pipa la kabichi chachu, ili akifa alazwe kando ya mumewe Arvīds, kwenye jeneza la mwaloni, asije akafukiwa na manispaa kule nyuma ya uzio wa makaburi.

Kila sarafu ya lati moja ilikuwa na picha ya samaki samoni anayeruka. Maji yalikuwa ya mto Venta, ameyachota mwenyewe kwa sababu bomba liliganda. Samoni walipoyahisi, walibanduka mmoja mmoja wakaanza kuogelea. Kufikia wakati wa uji walikuwa wamekua, beseni haliwatoshi tena. Zelma akawahamishia kwenye bafu, kisha akapiga deki.

Jirani yake, Imants, alikuja kuazima koleo la theluji, akachungulia bafuni.

"Umewapa nini hawa?"

"Maji tu."

"Mimi zangu nilizipeleka na uchafu wake, zikapokelewa. Usafi utakuua, Zelma."

"Niazime ndoo zako, uache maneno."

Kule benki Zelma alipanga foleni kama wenzake. Zamu yake ilipofika, aliweka juu ya kaunta mfuko wa sarafu zilizobaki kipara, na chini akapanga ndoo za samaki. Karani, binti mwenye skafu ya njano, alizipapasa sarafu.

"Bibi Kalēja, sarafu isiyo na samaki hatupokei."

"Samaki si hawa hapa?"

"Samaki asiye na sarafu pia hatupokei."

"Mwanangu, vyote viwili viko mbele yako!"

"Havijashikana, bibi. Anayefuata!"

Zelma alipandwa na hasira, na alikuwa na haki nayo. Wasovieti walipoingia, mama yake alikuwa na akiba ya lati. Walimbadilishia lati moja kwa ruble moja, ilhali lati ilikuwa na thamani mara kadhaa zaidi, na juu ya hapo wakataka ashukuru. Ruble alizoweka Zelma mwenyewe ziliyeyuka walipoondoka. Benki aliyoiamini baadaye ilifunga milango asubuhi moja, na mwenye benki akaonekana ughaibuni akiota jua. Bendera hubadilishwa, picha kwenye pesa hubadilishwa, wanaoporwa ni wale wale. Ndiyo maana alihamia kwenye pipa la kabichi.

Nyumbani alimkuta mkaguzi wa uvuvi akimngoja mlangoni, kofia mkononi.

"Bibi, msimu huu samoni ni marufuku."

"Hizi ni pesa zangu za kuzikiwa."

"Kisheria ni samaki."

"Basi mwambie yule binti wa benki kwamba samaki wanatosha bila sarafu!"

"Hiyo si idara yangu, bibi."

Aliwahesabu wote, wa kwenye ndoo na wa bafuni, kwa uangalifu ambao benki haikuwahi kumwonyesha. Faini aliiandika kwa kila kichwa, kwa yuro, ikatwe kwenye pensheni. Kisha alimsaidia kubeba ndoo hadi mtoni, maana njia ilikuwa na barafu. Zelma aliwamwaga samaki majini.

Siku hizi, vuli ikifika, samoni hurudi kuruka maporomoko ya Venta, kila mmoja na mwaka wa sarafu yake umechongwa ubavuni. Watalii hujaa kwenye daraja la matofali kupiga picha. Zelma naye huwa pale, kwenye ukingo, amevaa koti lake la kanisani, akiwaonyesha kwa kidole.

"Yule mkubwa ni jeneza langu. Wale wawili ni mchimba kaburi. Yule pale, anayeshindwa kupanda, ni jiwe la kaburi langu."

Watalii hupiga picha. Mkaguzi humwomba, kwa adabu, arudi nyuma ya kamba ya kuzuia watu. Faini bado inakatwa.